Namba Bila Tarehe

Kwenye kituo cha kuchotea maji cha kijiji nilichofanyia utafiti, kusini-mashariki mwa Mlima Meru, kuna kibao cha bati kilichopakwa rangi ya bluu. Kimeandikwa kwa herufi nyeupe: MAJI HAYA YAMEPIMWA. Chini yake kuna kiasi cha floraidi, miligramu kwa lita, na namba hiyo iko chini kidogo tu ya kiwango kinachoruhusiwa. Tarehe hakuna.

Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akijaza madumu kama anakumbuka maji yale yalipimwa lini. Akacheka. "Walikuja kipindi cha matope," akasema. "Gari lao lilikwama pale kwenye kona, vijana wakalisukuma mpaka mchana."

Basi nikajua. Namba ya kwenye kibao ni namba ya masika. Mimi na yeye tulikuwa tumesimama pale mwezi wa kumi, mfereji uko mweupe kwa vumbi, na mto ambao kibao kile unausemea ulikuwa umebaki wa kuruka kwa hatua moja.

Naandika kwa sababu nina ugomvi na kibao kile. Sina ugomvi na fundi aliyekipaka rangi, wala na kijana wa maabara aliyesoma mashine. Huenda mashine ilisema kweli. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu, sisi watu wa maji, wasomi kwa watendaji, ya kuuchukulia mto kama chupa ya soda: ukipima mara moja umemaliza, kilichoandikwa kwenye lebo leo ndicho kitakachokuwemo kesho. Mto si chupa. Kiasi cha madini kwenye maji ya mto hakina maana mpaka uniambie siku ile mto ulikuwa unapitisha maji kiasi gani. Anayetoa namba ya kwanza akaficha ya pili anasema nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine inalipwa na watoto, kwenye meno na kwenye mifupa.

Naifahamu gharama hiyo. Nina meno ya kahawia. Nimekulia upande huu wa mlima, na nilipokwenda kusoma shahada ya kwanza mbali na nyumbani, wenzangu walijua ninakotoka kabla sijataja jina. "Wewe ni wa Arusha," wakasema, wakioneshea mdomo wangu. Wengi walisema kwa wema tu, kama mtu anavyotambua lafudhi. Lakini mimi nilijifunza kucheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni, na mpaka leo, nikiwasilisha kazi yangu darasani, mkono huo hupanda wenyewe.

Kuna watu wanaodhani meno haya ni kabila. Si kabila. Ni kumbukumbu ya maji. Jino la utu uzima huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni, muda mrefu kabla halijachomoza, na ukoko wake wa nje unakamilika kwa meno mengi kufikia karibu miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ukoko ule hujengwa vibaya, unakuwa na vitundu vidogo mno, kisha jino likishatoka hunywa rangi. Ukihamia Dar es Salaam ukiwa na miaka ishirini hakibadiliki kitu. Jino limeshaandikwa. Na meno ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Maji yakiwa makali zaidi, na mtoto akayanywa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: viungo vinakakamaa, uti wa mgongo unauma, na miguu ya baadhi ya watoto hupinda. Vijiji vinavyouzunguka Meru vinawafahamu watoto hao. Nami nilikuwa na mwenzangu darasa la tatu ambaye tulimpokezana kumbebea mkoba.

Hapa inafaa nieleze floraidi inatoka wapi, maana wapo wanaodhani ni uchafu ambao mtu fulani ameumwaga. Haikumwagwa na mtu. Meru ni volkano, na mawe yake ni ya aina yenye sodiamu nyingi na kalisi kidogo, yakiwa na floraidi ndani yake. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, mawe na matope yakatawanyika mbali chini ya mlima. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ukipita Momela ni mabaki ya mporomoko huo, na maziwa ya Momela yamekaa kwenye mabonde yaliyo katikati yake. Mvua inapoingia ardhini hupita kwenye majivu na mawe hayo polepole, inayayeyusha, na kutoka kwenye chemchemi ikiwa imebeba kilichoyeyuka. Kwingine duniani kalisi iliyomo majini huikamata floraidi na kuigandisha iwe jiwe, kwa hiyo kuna kikomo cha asili. Kwetu kalisi ni haba, na kikomo hicho kiko mbali. Ndiyo maana maji yanayokaa ardhini muda mrefu hutoka makali, na maziwa ya magadi ya Momela, ambayo jua huyakausha na hayana pa kutokea, yana floraidi inayohesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5.

Tena haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mto wa Maji ya Chai umepewa jina kwa rangi yake, na Ngarenanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu, lakini hizo rangi ni za udongo na majani. Floraidi yenyewe huioni. Bibi yangu aliyajua maji mabaya kwa kuyatazama na kuyanusa, na kwa magonjwa ya tumbo macho na pua vilimsaidia sana. Kwa hili havikumsaidia.

Sasa turudi kwenye kibao. Naomba msomaji avumilie hesabu ndogo, haizidi ya darasa la saba. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi.

Tuseme kijito kinalishwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni chemchemi ya chini, yenye maji yaliyokaa sana ardhini. Inatoa lita 20 kwa sekunde, masika na kiangazi, na kila lita ina miligramu 10 za floraidi. Cha pili ni maji ya juu, ya msituni, mepesi, yana nusu miligramu kwa lita. Masika maji ya juu yanashuka lita 180 kwa sekunde. Changanya. Chemchemi inaleta miligramu 200 kila sekunde, maji ya juu yanaleta 90. Jumla 290, ndani ya lita 200. Ukichota lita moja utakuta miligramu 1.45. Iko chini ya 1.5. Andika kibao.

Kiangazi kinafika. Chemchemi haijabadilika, lita zake ni zile zile 20. Maji ya juu yamepungua, nayo ni lita 20. Miligramu 200 na 10, jumla 210, ndani ya lita 40. Kila lita sasa ina miligramu 5.25. Kibao bado kipo, rangi haijapauka.

Halafu, kule juu, mtu anafungua mfereji au anawasha pampu, anachukua lita 15 kati ya zile 20 nyepesi kwa ajili ya shamba lake. Kinachobaki ni lita 25 zenye miligramu 202.5. Kila lita ina miligramu 8.1.

Angalia kilichotokea. Mzigo mzima wa floraidi unaopita kwa sekunde umepungua, kutoka 290 hadi 210 hadi 202.5. Hakuna aliyeongeza hata chembe moja ya sumu. Aliyefungua mfereji juu hakuchafua kitu, tena maji aliyochukua ni safi kabisa. Hata hivyo mtoto wa chini anakunywa maji makali zaidi ya mara tano kuliko yaliyoandikwa kwenye kibao. Alichoondolewa ni yale maji mepesi yaliyokuwa yakipoza ukali.

Na mito halisi ina ukaidi zaidi ya mfano wangu. Mvua za kwanza za vuli, kwa mfano, haziji na nafuu papo hapo. Kiangazi chote jua limekuwa likivuta unyevu juu, na chumvi nyeupe ya magadi imebaki kwenye uso wa udongo na kwenye kingo. Mvua ya kwanza huizoa ile chumvi yote kwa pamoja na kuiingiza mtoni. Kwa siku kadhaa maji yanaongezeka na madini nayo yanaongezeka, kisha ndiyo mvua inashinda. Mtu aliyepima Novemba mara moja anaweza kusema kweli yake, aliyepima Mei akasema yake, na wote wawili wakawa hawajaujua mto.

Ndiyo maana kupima mto ni kazi ya mwaka mzima, na si kazi ya kifahari. Miezi yangu ya utafiti nimeitumia ndani ya gambuti, nikivuka kijito kwa kamba iliyofungwa huku na huku, nikipima kina kila nusu mita. Siku kifaa cha kupimia kasi kilipogoma, nilifanya kama walivyofanya wengi kabla yangu: nilirusha chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi. Unalitupa juu, unahesabu sekunde mpaka lifike kwenye alama ya chini, unarudia mara kadhaa, kisha unapunguza kidogo, kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya kitandani. Watoto walinifuata wakigombania machungwa. Kisha nikachota maji kwenye chupa ya plastiki, wala siyo ya kioo, kwa sababu floraidi inashambulia kioo, nikaandika tarehe na saa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: chungwa, saa, kamba, chupa, kalamu. Hakuna kati ya hivyo kinachoshinda uwezo wa nchi yetu.

Lakini nilipoiwasilisha, niliambiwa namba zangu za mwezi wa kumi zinaharibu picha. Ilikuwa kwenye mradi mmoja, ambao siutaji, ulionikubali nifanye utafiti wangu ndani ya kazi zao. Mtaalamu aliyekuwa akiandaa ripoti alikuwa mtu mpole, aliyenisaidia mengi. Aliniita pembeni akasema, "Mdogo wangu, hizi za kiangazi ni namba korofi. Tuweke wastani." Nikamwuliza, "Kaka, wastani wa nini na nini?" Akasema wa vipimo vyote. Na vipimo vyote, vikiwemo vile vilivyokuwepo kabla yangu, vilikuwa vingi vya masika na vichache vya kiangazi, kwa sababu vimefuata bajeti, na bajeti ya uwandani huwa haifuati mvua. Wastani ukatoka mzuri. Ripoti ikaenda. Namba zangu ziko kwenye kiambatisho, ukurasa ambao hata mimi nikitumwa nisingeufungua.

Naomba nieleweke. Wastani si dhambi. Mtu anakunywa mwaka mzima, na mwili unajumlisha mwaka mzima, kwa hiyo wastani wa mwaka ni kitu cha maana, ukiwa ni wastani wa mwaka kweli. Lakini watu hawanywi sawasawa mwaka mzima. Kiangazi kuna joto na vumbi, watu wananywa zaidi. Masika watu wanakinga maji ya bati, na hayo hayana floraidi ya kusumbua. Kiangazi matangi yamekauka, wanarudi mtoni. Maana yake ni kwamba maji makali yanakutana na kiu kubwa na ukosefu wa chaguo, yote kwa mwezi mmoja. Wastani wa karatasi unahesabu siku ya masika, ambayo mtoto alikunywa maji ya bati, sawa na siku ya Oktoba, ambayo alikunywa mto mtupu. Kama ni wastani, na tufanye wastani wa koo la mtoto.

Kuhusu viwango vyenyewe, tuna historia inayopaswa kutuonea haya. Miaka ya 1970 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha floraidi kwa maji ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Sababu ilitolewa wazi, kwamba tukishika namba ya kimataifa tutafunga visima vingi mno, na watu watakunywa madimbwi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, kipindupindu huua wiki hii na floraidi huchukua miaka. Lakini neno lilikuwa "muda". Muda huo ukawa kizazi, na kizazi kikazaa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi miligramu 4. Sasa kimeshushwa hadi 1.5 kama wengine. Napongeza. Ila kushusha namba kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuishusha mtoni, na hofu yangu ni hii: kadiri kiwango kinavyokuwa kikali, ndivyo kishawishi cha kwenda kupima masika kinavyokuwa kikubwa. Kiwango kisichosema kipimwe lini kinamwachia anayepimwa achague siku ya mtihani.

Vivyo hivyo kwenye ugawaji wa maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, ya kwanza nchini, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali. Kibali kinahesabu kiasi. Hilo ni jambo jema na limeepusha magomvi mengi. Lakini hesabu yangu ya lita 15 inaonesha kuwa lita zote si sawa. Lita ya maji mepesi inayoondolewa juu wakati wa kiangazi ni dawa inayoondolewa kwa wa chini. Tunapojadili nani amechukua kingi, mwenye shamba la maua, mkulima wa nyanya au mfereji wa ukoo, tunajadili kana kwamba tunagawana kitu kimoja. Hatugawani kitu kimoja. Mmoja anapata maji, mwingine anapata kilichobaki kwenye maji.

Sitaki kumbebesha mkulima mdogo lawama zote. Mifereji ya milima hii ni ya zamani kuliko serikali zote zilizowahi kututawala, na baba yangu amenisomesha kwa nyanya za umwagiliaji. Ninachosema ni kwamba yeye hajawahi kuambiwa. Hakuna aliyekaa naye akamwonesha kuwa saa anazofungua maji usiku wa Septemba zinahusiana na meno ya watoto wa binamu zake kule chini. Angeambiwa, huenda angegoma, huenda angekubali zamu. Watu hawa wamegawana maji kwa zamu tangu enzi za mababu. Kitu wasichokuwa nacho ni namba.

Tena ni watu wanaojua kudai haki. Mwaka 1951 Wameru karibu 3,000 walifukuzwa kwenye ardhi yao ya Ngarenanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwashtaki Waingereza. Ardhi ilitetewa mbele ya dunia nzima. Maji yanayopita juu ya ardhi ile ile bado hayajapata wa kuyasemea hata mbele ya halmashauri.

Badala yake tunawapa watu mawaidha. Chemsheni maji. Nimeyasikia tangu chekechea, na kwa vijidudu ni mawaidha sahihi kabisa. Lakini floraidi haikimbii moto. Ukichemsha, mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, na maji yaliyobaki yanakuwa makali kidogo kuliko uliyochota. Tunaambiwa pia tuache magadi kwenye maharage na makande, na ni kweli magadi yana floraidi nyingi na yanaongeza mzigo. Lakini mama anatia magadi ili maharage yaive upesi na kuni zisiishe. Ukimwambia aache bila kumwambia kuni atatoa wapi, umemwongezea aibu tu.

Upo ufumbuzi wa nyumbani ambao ni wa kweli: mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto, hapa hapa kwetu, kimeufanyia kazi miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo ya chujio, na maji yakipita floraidi inanaswa. Inanaswa kwa sababu ile ile inayomwumiza mtoto: madini ya mfupa huivuta floraidi na kuishika. Mwenye chujio anatumia mfupa wa ng'ombe, asiye na chujio anatumia wa mtoto wake. Lakini hata chujio linahitaji mtiririko na tarehe. Mifupa ile hujaa. Inajaa upesi maji yakiwa makali, polepole yakiwa mepesi. Ukimwambia mama abadilishe baada ya miezi kadhaa kwa kutumia namba ya masika, chujio litakuwa limekufa katikati ya kiangazi, na yeye ataendelea kulipitishia maji kwa imani.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, pesa hazipo. Kupima kila wiki kunagharimu, ndiyo. Lakini kuna njia ya nafuu. Kifaa kidogo cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme kinaonesha papo hapo kama chumvi iliyoyeyuka imepanda au imeshuka, na kwa mto mmoja, ukishaoanisha vipimo hivyo na vya maabara kwa mwaka, unaweza kukadiria floraidi bila kwenda maabara kila mara. Kina cha mto kinasomwa kwenye ubao wenye alama. Kijijini tulikokuwa, ubao kama huo ulikuwepo. Mzee mmoja alinionesha mahali uliposimama, na daftari la shule ambalo aliandika kina asubuhi na jioni, miaka kadhaa, kwa mwandiko ulionyooka. Mafuriko yalipoung'oa ubao aliripoti. Hakuja mtu. Akaendelea kuandika wiki kadhaa kwa kutumia jiwe alilolijua, kisha posho nayo ikakatika, akaacha. Alinikabidhi daftari kwa mikono miwili. Huyo mzee hakukosa elimu wala moyo. Alikosa ubao.

Kule chini mambo ni tofauti. Mito yetu hii ya kusini mwa Meru inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unazungusha mitambo ya umeme hadi Hale na Pangani kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Anayezalisha umeme hawezi kulala bila kujua maji kiasi gani yanakuja. Ni sawa, umeme tunautaka. Basi na anayekunywa asilale bila kujua.

Jibu la pili ni kwamba miradi mikubwa inakuja, tusubiri. Jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa mabilioni ya shilingi, wenye visima virefu vilivyochimbwa mbali na mabomba mapya, na watu wamenufaika. Nafurahi. Ila vijiji vya mteremkoni haviwezi kuambiwa visubiri kwa neno lile lile la 1970 na kitu, "muda". Mtoto aliyezaliwa leo ana miaka minane tu ya kumwokolea meno. Mradi ukichelewa kumi, kwake haukuja.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi, na nimeambiwa na watu ninaowaheshimu: kwamba nikiwaambia watu ukweli wa Oktoba nitawatia hofu, watakimbilia dimbwi lisilo na floraidi lakini lenye kinyesi. Nimelifikiria sana. Huenda kuna watakaofanya hivyo. Lakini mama yule wa kituoni alijua gari lilikuja wakati wa matope, alijua mto sasa ni mdogo, na alipoona nashangaa akaniuliza mwenyewe, "Kwa hiyo haya ya leo siyo yale?" Alifika kwenye hoja ya utafiti wangu bila semina. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Miezi mitatu hii watoto wadogo wapewe maji ya tangi au ya chujio, ya mtoni fulia na pikia wakubwa," ataelewa na kupanga. Hata kama tangi ni dogo, ataligawa kwa umri. Tunachoita kuwaepusha na hofu mara nyingi ni kujiepusha sisi na maswali.

Ninachodai si kikubwa. Kila namba ya madini inayobandikwa mbele ya wananchi iwe na tarehe, na kipimo cha mto cha siku ile. Kabla chanzo hakijatangazwa kuwa salama, kipimwe pia mwisho wa kiangazi, mto ukiwa mdogo kabisa, na namba hiyo ndiyo itangulie kwenye kibao. Vibali vya kuchepusha maji mepesi viangalie nani yuko chini na atabaki na nini Septemba na Oktoba. Na mbao za kupimia zirudishwe, wazee na vijana wa kuzisoma walipwe kwa wakati. Mwanafunzi mwenzangu unayesoma hapa, unayejiandaa kwenda uwandani: ukipangiwa wiki mbili za Aprili kwa sababu ndipo fedha zilipotoka, gombana. Mimi sikugombana vya kutosha. Nilikubali kiambatisho.

Nilirudi pale kijijini Desemba kuaga. Nilikuwa na kalamu ile nene isiyofutika, na nilikusudia kuandika tarehe kwenye kibao, Mei, na mwaka. Mwenyekiti wa kamati ya maji alinikataza, kwa adabu. Alisema kibao ni mali ya mradi, nikikiandika ataulizwa yeye. Nikasema, "Shikamoo mzee, nimekuelewa." Akaniomba badala yake nimwandikie namba zangu kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi, yeye ataisoma kwenye mkutano wa kijiji. Nikaketi kwenye ukingo wa tangi nikaandika mistari kumi na miwili. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, kisha akaitoa tena, akaisoma kwa kidole kushuka chini, akasimama kwenye mwezi wa kumi.

"Hapa hujakosea?" akauliza.

Nikamwambia nilipima mara tatu.